Kwa nini manispaa zisijenge nyumba za kupangisha?

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Mi nimepanga Mbagala vyumba viwili, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali naye anataka ya mwezi mmoja juu. Shemeji yangu yuko Uingereza anasema kule halmashauri zinajenga nyumba zenyewe zinapangisha watu, sasa huku manispaa zetu zinashindwa nini? Afu mdogo wangu kamaliza fomu siksi anataka akasome mipangomiji pale Chuo Kikuu Ardhi, watu wanamwambia anapoteza muda. Unasemaje?
Mama Jeni, Mbagala

JIBU: Dada Mama Jeni, shemeji yako hajakudanganya ila stori hajaimaliza. Kule halmashauri zilianza kujenga kwa kasi baada ya sheria ya 1919, zikajenga weee, mpaka 1980 serikali ya Waziri Mkuu Thatcher ikawapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa bei ya punguzo, nyumba zikauzwa na za kuziba pengo hazikujengwa. Kwa England, kikomo cha halmashauri kukopa kwa ajili ya nyumba kimeondolewa 2018 tu, ndo zikaanza kuamka. Mwaka 2019 nyumba za Goldsmith Street, za halmashauri ya Norwich kabisa, zilichukua tuzo ya Stirling, ile kubwa ya usanifu majengo, zikaipiku hadi stesheni ya London Bridge! Nyumba za kupanga hizo.

Huku kwetu NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, ipo tangu 1962 lakini ni ya serikali kuu, na Magomeni Kota, zile nyumba 644 zilizozinduliwa 2022, zimejengwa na TBA, Wakala wa Majengo, serikali kuu tena. Manispaa inategemea mapato ya ndani, humohumo asilimia 10 inatoka kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na ikitaka kukopa lazima waziri aridhie.

Ila mi hela siiweki namba moja, naweka ardhi. Manispaa ikisema ijenge Mbagala leo inajenga wapi? Watu walishajenga kabla ya mchoro wa mipangomiji, gari la majitaka halipiti, ukianza kulipa fidia nyumba moja moja basi kodi itakayotoka hapo huiwezi wewe wala mimi. Nenda Kibada, Kigamboni, uone, kule walipima kwanza kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 miaka ya mwanzo ya 2000, barabara zimenyooka, japo viwanja vingi viliishia kwa wenye nazo, hilo tusifichane. Manispaa ingebakiza vipande vyake pale pale wakati viwanja vinapimwa, leo ingekuwa na pa kuanzia.

Na wa kuvibakiza vipande hivyo ni afisa mipangomiji, kwa hiyo mdogo wako mwache aende. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 imezifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji, na kazi ipo nyingi, urasimishaji peke yake, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa holela, ni balaa. Hata Uingereza halmashauri zinalia kwamba wataalamu hao wanakimbilia kampuni binafsi kwa sababu ya mshahara. Ajira ya serikali anaweza kuisubiri, simfichi, ila ajue bodi ya usajili wa wanamipangomiji ipo na akisajiliwa anaweza kufanya kazi kwenye kampuni. Mwambie fildi asitafute ofisi yenye AC Masaki, aombe manispaa, huko atawaona watu kama wewe wanaokuja na hati za mauziano za serikali ya mtaa wakiuliza kiwanja chao kimeangukia barabarani au la.