Vyuo vidogo navyo vina ubingwa wao

Ndugu, umeuliza kama timu za futiboli ya Kimarekani za vyuo vidogo Marekani zinacheza kujifurahisha tu, maana hatuzioni kwenye televisheni. Hapana kabisa. Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ina bingwa wake, na hakuna mchezaji anayelipiwa ada kwa sababu ya mpira. Wanasoma, wanafanya mazoezi, wanacheza mechi zao 10 za msimu wa kawaida, kisha wenye bahati wanaingia kwenye mtoano. Fainali inaitwa Stagg Bowl.

Angalia msimu wa 2023. North Central ya Illinois ilikuwa bingwa mtetezi na ilifika fainali bila kupoteza mechi hata moja. Cortland, chuo cha umma cha jimbo la New York, kilikuwa hakijawahi kuchukua ubingwa huo. Mwishoni kabisa Cortland inaongoza 38-31, North Central wakafunga pointi sita, ikawa 38-37. Ukifunga hivyo unapewa nafasi ya ziada: upige teke upate pointi moja, au ujaribu tena kuufikisha mpira mwisho wa uwanja upate mbili. Teke moja tu lingesawazisha! North Central wakaamua kutafuta pointi mbili ili washinde palepale. Ulinzi wa Cortland ukawazuia.

Wengi waliulaumu uamuzi ule. Mimi nauheshimu: ukijiamini kiasi hicho, huendi kuomba kipindi cha nyongeza. Na North Central hawakuzama, ubingwa wa 2024 waliuchukua wao, mwaka ambao mtoano uliongezwa kutoka timu 32 hadi 40.