Sloti za Mbweha na Tanuki: Fungua Ukurasa wa Maelezo Kabla ya Kuzungusha

Watu wanaojua kwamba napenda sloti za mtandaoni (ile michezo ya kasino ya kuweka dau na kuzungusha safu za picha) zenye ngano za Kijapani huniuliza swali lilelile: ipi inatoa? Wanataka jina la mchezo. Nami huwauliza kama wameshafungua ukurasa wa maelezo wa mchezo wanaoucheza sasa, na karibu wote hawajaufungua. Wamemwona mbweha mweupe, wamesikia ngoma, wakaanza kuzungusha.

Siwalaumu, kwa sababu picha zenyewe zinavutia, na mimi ndizo zilizonileta. Mwaka 1776 mchoraji Toriyama Sekien alichapisha kitabu cha picha za yokai, viumbe vya ajabu vya masimulizi ya Kijapani. Kappa wa mitoni, tengu wa milimani na yuki-onna, yule mwanamke wa theluji, wote wamo humo, na wachoraji wa leo bado wanachota kisimani mwake. Sloti ikitengenezwa na mtu aliyesoma, utaona hata vitu vidogo vimewekwa mahali pake. Mbweha, kwa mfano, ni mjumbe wa Inari, mungu wa mpunga. Kwenye mahekalu ya Inari, kama lile la Fushimi mjini Kyoto, baadhi ya sanamu za mbweha zimeshika ufunguo wa ghala mdomoni. Niliwahi kukuta mchezo ambao ufunguo huo ndio ulikuwa skata, yaani ile alama ambayo zikitua za kutosha hufungua mizunguko ya bure, nikajua kuna mtu alifanya kazi yake vizuri. Nyingine zinarusha kila kitu kwenye sufuria moja: samurai, joka la Kichina, maua ya sakura, na yule paka wa kupunga mkono ambaye kawaida yake ni kukaa dukani kuita wateja.

Lakini aliyechora mbweha na aliyepiga hesabu za malipo ni watu wawili tofauti, na mara nyingi hawakukaa hata chumba kimoja. Hesabu ileile inaweza kuvalishwa mbweha leo na piramidi kesho. Ndiyo maana uzuri wa picha haukwambii lolote kuhusu pesa yako.

Ukurasa wa maelezo hufunguka kwa herufi "i" au alama ya kuuliza pembeni mwa skrini. Shuka mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo, utafute RTP. Hiyo ni asilimia ya madau yote ambayo mchezo umepangiwa kuwarudishia wachezaji kwa muda mrefu sana, mizunguko mamilioni kwa mamilioni, wala si ahadi ya jioni yako. Sloti nyingi za mtandaoni ziko karibu na 96. Jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui ni kwamba watengenezaji wengi hutoa mchezo mmoja kwa matoleo kadhaa ya RTP, kisha kasino inachagua iweke toleo lipi. Mbweha yuleyule, kwa muziki uleule, anaweza kuwa na 96 kwenye tovuti moja na 92 kwenye nyingine.

Tuone maana yake. Chukua dau la 1, na mizunguko 600 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu asiye na haraka. Kwa saa moja umeweka madau 600. RTP ikiwa 96, hasara ya wastani ni 24. Ikiwa 92, ni 48. Umeangalia picha zilezile kwa bei mara mbili. Mimi nikikuta tovuti imeweka toleo la chini huondoka hapo hapo, hata kama inanipa zawadi ya kujiunga. Tena nikikuta RTP haijaandikwa popote, sihitaji sababu nyingine.

Kwenye ukurasa huohuo utaona jinsi mchezo unavyogawa malipo. Kipimo hiki mara nyingi huonyeshwa kwa alama za radi au nyota. Kuna sloti zinazotoa kidogo kidogo mara kwa mara, na kuna zile zinazobana kila kitu mpaka mizunguko ya bure ifunguke. Sloti za yokai nilizocheza nyingi ni za aina ya pili: salio linashuka, linashuka, halafu siku ukibahatika linapanda kwa kishindo. Kwa mchezo wa namna hiyo kupita mizunguko 100 bila cha maana ni jambo la kawaida kabisa, na halimaanishi kwamba mchezo "umeiva". Kila mzunguko unaanza upya. Ninachofanya ni kugawanya pesa niliyotenga kwa 200, na jibu ndilo linakuwa dau langu la juu. Hilo halibadilishi asilimia hata chembe. Linanipa tu muda wa kuuona mchezo wenyewe kabla salio halijakauka.

Sasa nije kwenye ngoma, maana hapo ndipo watu wanapopotezwa zaidi. Skata mbili zimetua. Safu ya mwisho inapunguza mwendo, taiko, zile ngoma za Kijapani, zinapigwa, mbweha anafumbua macho. Unajikuta umeshikilia pumzi. Matokeo, hata hivyo, yalishaamuliwa na namba nasibu pale ulipobonyeza; yanayofuata ni maonyesho tu. Habari hii si ngeni. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza nchini Marekani kwa mashine ambayo namba nasibu ndiyo inayochagua safu isimame wapi. Tangu wazo hilo lilipoenea, wingi wa picha unazoziona kwenye safu na uwezekano wa picha hizo kutua ni vitu viwili vilivyoachana. Kwa hiyo "ilibaki kidogo tu" haina maana yoyote kwenye sloti. Skata ya tatu kusimama hatua moja nje ya sehemu inayoonekana ni kukosa, sawasawa na kukosa kwingine kote.

Kuna na kelele za ushindi ambao si ushindi. Umeweka dau la 20, mchezo umelipa 8, sarafu zinamwagika na muziki unapanda. Umepoteza 12. Mimi huzima sauti baada ya dakika chache za mwanzo na kuangalia salio, kwa sababu salio halina ngoma.

Mtego mwingine ni mkia. Katika ngano, mbweha huota mikia kadiri anavyoishi, na mwenye mikia tisa ni wa kuogopwa kwa umri na nguvu zake. Basi utakuta sloti ambayo kila alama fulani ikitua mbweha anaongezwa mkia, na mikia ikitimia unatarajia mizunguko ya bure. Wazo zuri sana, nampa hongera msanii. Lakini ukiwa na mikia saba, kuacha kunauma. Soma maelezo: kwenye baadhi ya michezo imeandikwa wazi kwamba picha hiyo ni pambo, na mizunguko ya bure inaweza kufunguka kwa bahati wakati wowote, mkia uwe mmoja au minane. Maandishi hayo yapo, ila hayapigiwi taiko.

Wajapani wana ngano ya Urashima Taro, mvuvi aliyemwokoa kasa, akapelekwa kwenye kasri la joka chini ya bahari. Alikaa huko siku chache za raha. Aliporudi kijijini akakuta karne zimepita na hakuna anayemjua. Sloti ya simu inafanya jambo hilohilo na saa: inajaza skrini nzima, na saa ya simu inafichika nyuma ya picha. Ushauri wangu ni kuweka kengele kwenye kifaa kingine, mbali na mkono, ili uzimaji wake ukulazimishe kusimama.

Katika hili Uingereza inafaa kuigwa. Tangu Oktoba 2021 mdhibiti wao amepiga marufuku sloti za mtandaoni kujizungusha zenyewe, mzunguko kuchukua chini ya sekunde 2.5, na shamrashamra kwa malipo yaliyo sawa na dau au chini yake. Mwaka 2025 wakaongeza kikomo cha dau kwa mzunguko: pauni 5 kwa wenye miaka 25 na zaidi, na pauni 2 kwa wa miaka 18 hadi 24. Popote ulipo unaweza kujiwekea sehemu ya sheria hizo kwenye mipangilio ya mchezo: zima mwendo wa haraka, zima kujizungusha, bonyeza kila mzunguko kwa kidole chako. Utashangaa jinsi hamu inavyopungua ukilazimika kubonyeza.

Kuhusu bonasi, tanuki anafaa kuwa mwalimu. Huyu ni mnyama wa jamii ya mbwa, mnene, mjanja, na katika masimulizi mengi yeye na mbweha hugeuza majani kuwa pesa. Mwuzaji anapokea noti safi, kisha baadaye anakuta majani makavu. Bonasi ya kasino ikiingia kwenye akaunti yako, ichukulie hivyo mpaka usome masharti ya kuzungusha. Tuseme umepewa 100, na sharti ni kuzungusha bonasi mara 35 kabla ya kuruhusiwa kutoa. Unatakiwa kuweka madau ya jumla ya 3,500. Kwa RTP ya 96, hasara ya wastani kwenye madau hayo ni 140. Yaani zawadi ya 100 inagharimu 140 kuifungua. Angalia pia kikomo cha dau wakati bonasi ikiwa hai, kwa sababu ukikivuka hata mara moja wanaweza kufuta ushindi wote. Mimi siku hizi huikataa kabisa, nikabaki na pesa yangu ninayoweza kuitoa bila kuomba ruhusa.

Kwa upande wa sheria, Japani yenyewe, ambako hao mbweha wametoka, haimruhusu mtu kucheza kasino za mtandaoni kwa pesa. Kifungu cha 185 cha sheria yao ya jinai kinatoza faini ya hadi yeni 500,000 kwa kucheza kamari, na tovuti kuwa na leseni ya nchi nyingine hakumwokoi mchezaji aliye ndani ya Japani. Mwaka 2025 wakabadilisha sheria tena na kukataza matangazo yanayowaelekeza watu kwenye kasino hizo. Kwa hiyo hakikisha sheria ya mahali ulipo kabla ya kuweka hata senti, na kama hujafikisha umri, makala hii haikuhusu. Na kama unacheza ili kurudisha ulichopoteza, au unaficha kiasi unachocheza, tafuta kwenye akaunti sehemu ya kujifungia usiweze kucheza, ufunge kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji, kisha umwambie mtu unayemwamini.

Wengine waliobaki, wale waliokuja kwa ajili ya mbweha kama mimi, waanze na toleo la majaribio, ambalo sloti nyingi huwa nalo na halitaki pesa. Zungusha humo mpaka uone mizunguko ya bure imefunguka angalau mara kadhaa: utakuwa umeona karibu michoro yote na kusikia muziki wote, na watu wengi wakifika hapo hugundua hawana haja ya kuendelea. Ukiamua kuhamia upande wa pesa, fungua ukurasa wa maelezo tena, kwa sababu toleo la majaribio linaweza kuwa na RTP tofauti na lile ambalo kasino yako imeliweka.