Mwanangu, usirundike tapi kwenye kopo

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kama inatosha kuweka tapi zote, zile za kukatia hesi (nyuzi za skrubu) ndani ya tundu, kwenye kopo moja, na dai zote, zile za kukatia hesi juu ya fimbo ya chuma, kwenye jingine. Haitoshi, mwanangu. Chuma cha tapi ni kigumu, na kwa ugumu huohuo hakipindi, hukatika. Zikigongana ndani ya kopo, meno humeguka vipande usivyoviona. Tapi yenye jino bovu hukwaruza hesi, hukwama, kisha huvunjikia ndani ya tundu, na biti ya kawaida haiwezi kuitoboa uitoe.

Panga kwa saizi. Ukitaka hesi ya M6, yaani ya bolti yenye kipenyo cha milimita 6, utahitaji tapi yake na biti ya milimita 5 ya kutobolea tundu kwanza, na pengine dai yake pia, basi vyote vikae mstari mmoja. M3 iende na biti ya 2.5, M4 na 3.3, M5 na 4.2, M8 na 6.8, M10 na 8.5, M12 na 10.2. Biti hizo zisitumike kwa kazi nyingine. Ile ya 4.2 ikipotea utashawishika kutumia ya 4, na tundu likibana tapi inaelemewa.

Tafuta ubao mkavu wa msonobari wenye unene wa milimita 30. Mwaloni uuache, asidi yake huleta kutu. Pima shina la kila tapi kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), ongeza nusu milimita, toboa kina cha 20, na acha 25 kati ya tundu na tundu ili vidole vipite bila kukatwa. Shina liingie chini, meno yabaki juu.

Maandishi ya tapi yako kwenye shina, kwa hiyo yatafichika. Andika wewe mbele ya tundu, na uandike kamili: M10 × 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi, si M10 peke yake, kwa kuwa ipo pia M10 × 1.25 na jicho huzichanganya. Za inchi zipe ubao wake. Robo inchi ya Whitworth (kipimo cha Kiingereza) na ya UNC (cha Kimarekani) zote zina nyuzi 20 kwa inchi, ila nyuzi za ya kwanza zina pembe ya digrii 55 na za ya pili 60. Bolti itaingia, lakini haitakaa sawasawa.

Dai zichimbie vishimo vya duara, kina kiwe nusu ya unene wake, na katikati utoboe tundu la kuisukumia kwa kidole.

Kabla ya kurudisha chochote, toa chembe za chuma kwa brashi, hasa ndani ya dai, kisha pangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Usitandike sifongo, hushika unyevu. Vipakiti viwili vitatu vya silika, inayonyonya unyevu, ndani ya droo vitasaidia.

Tapi iliyomeguka jino itupe siku hiyohiyo, na tundu lake liache wazi mpaka ununue nyingine.

Mama yako