Unaanza kuchomelea bodi za magari ya zamani? Soma hapa kwanza

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye kazi ya kufufua gari kama Beetle au Peugeot 504, kitakachowasumbua mwanzoni ni joto. Bati la bodi ni jembamba, mara nyingi milimita 0.8 hadi 1, ukilichomelea kama geti linatoboka au linajikunja, na likishajikunja ndo mwanzo wa kujaza puti kila mahali. Vijiti vya kuchomelea weka pembeni, tafuta mashine ya migi (MIG, ile inayosukuma waya yenyewe), waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, anza na moto wa chini kabisa kwenye mabaki ya bati lenye unene uleule, upandishe kidogo kidogo.

Usivute mstari! Piga nukta moja, ruka mbali piga nyingine, subiri hadi pashikike kwa mkono ndo urudi katikati, yaani hata kiraka kidogo kinaweza kula asubuhi nzima na ni sawa kabisa. Weldi ikipoa inasinyaa na kuvuta bati, kwa hiyo igonge taratibu na nyundo huku umekinga chuma kwa chini, bati linanyooka tena.

Halafu kutu. Kata mpaka ufike chuma safi, kiraka juu ya kutu ni kumdanganya mwenye gari maana maji yanakaa katikati ya mabati mawili na kazi inaoza upya. Kwenye Beetle inua siti ya nyuma, betri inakaa pale na asidi yake inakula sakafu, idunge sakafu na ncha ya bisibisi, ikizama sahau kiraka weka sakafu mpya. Zile boksi za chini ya milango zinazopitisha hewa ya moto ndizo zimebeba bodi, kabla hujazikata chomelea bomba la kushikilia kwenye uwazi wa mlango, la sivyo bodi inalala na mlango haufungi tena.

Bati lenye zinki saga zinki yote kwanza, moshi wake unaleta homa. Toa betri, zulia na tangi la mafuta, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na ukimaliza usiondoke, kaa kama nusu saa ukichungulia chini ya gari maana ile lami ya kuzuia kutu inaungua polepole bila kuonekana.