Nyie mnaoandika "uchovu wa kawaida"

Wadogo zangu madaktari mlioletwa kitengo cha mionzi ya kutibu saratani mwezi huu, nawapenda, ila leo nimepitia mafaili ya wagonjwa wenu nikachoka mimi, kila faili "uchovu wa kawaida wa mionzi, aendelee". Aendelee wapi?

1. Uchovu wa mionzi una ratiba. Unaanza pole pole wiki ya pili au ya tatu, unapanda, mara nyingi unakuwa mbaya zaidi mwishoni mwa matibabu na wiki chache baada ya hapo. Mtu kapigwa mionzi mara mbili tu hajiwezi? Angalia wingi wa damu, maambukizi, anakula nini, analala saa ngapi.

2. Potasiamu, madini ya damu yanayoipa misuli nguvu, mtu akiharisha yanapotea. Nilikuwa na mama mmoja wa saratani ya shingo ya kizazi, mionzi siku tano kwa wiki na cisplatin, dawa ya kemo, juu yake, akaniambia "mwanangu miguu haina nguvu". Nikamjibu pole mama ndo mionzi hiyo, utazoea, yani nikamjibu naandika hata sijamwangalia usoni. Sikumuuliza choo. Kumbe alikuwa anaharisha siku nzima na anaona aibu kunitajia kijana wa umri wa mwanae. Wiki iliyofuata akashindwa kuinuka kwenye benchi, ndugu wawili wamemshika makwapani, kupima potasiamu iko chini vibaya, tukamwekea kwenye drip na haipandi, mpaka sista mmoja mzee wa wodi akauliza kwa upole magnesiamu mmepima? Hatujapima. Cisplatin inaimwaga kwenye mkojo, na bila hiyo potasiamu haikai. Mionzi ikasimama, na mnajua matibabu ya saratani ile tunataka tuyamalize ndani ya wiki nane, kila siku inayopotea ni faida ya uvimbe. Alipona ile hali lakini mimi mpaka leo nauliza choo kabla ya salamu.

3. Mizani kila wiki, viatu vivuliwe. Mwenye saratani ya koo au mdomo akikonda, maski ya plastiki inayoshika kichwa kisitikisike wakati wa mionzi inacheza, kidole kikipita kati yake na shavu ita watu wa fizikia, wanaopanga mionzi. Na usimwambie "kula vizuri" wakati uji wenyewe unamchoma, mpe dawa ya maumivu kwanza ndo umuite mtu wa lishe.

4. Anayeweza kutembea atembee kidogo kila siku, kitanda kinamaliza misuli.

5. Aliyemaliza mionzi ya shingo mwaka jana, karudi kanenepa, anasikia baridi Dar mwezi wa kwanza na anasinzia kwenye foleni, jamani, TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingo, mionzi inaweza kuwa imeichosha.