Anakula kama mchwa na bado anakonda: kwa wewe ambaye mbwa wako ameambiwa ana tatizo la kongosho

Kama juzi daktari wa mifugo amekuambia kwamba kongosho la mbwa wako halitoi tena vimeng'enya, yaani vile vitu vinavyosaga chakula tumboni, kaa kwanza unywe chai. Huu si ugonjwa wa kuchimbia kaburi. Ni ugonjwa wa kupika, kupima kwa kijiko na kukagua choo, asubuhi na jioni, mpaka mbwa azeeke. Mimi niko mwaka wa tano na wangu, dume la jemani shepadi tunalomwita Tiga, hapa Dar es Salaam. Karibu kila kosa nitakalokuonya nalo nimelifanya mwenyewe.

Tiga alianza kukonda akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kutoka kilo 31 akashuka hadi 22, mbavu zikawa zinahesabika ukiwa barabarani. Na wala hakuwa amekataa chakula. Alikuwa anamaliza sufuria, analamba sufuria, kisha anageukia kinyesi chake mwenyewe. Jirani mmoja alinifuata getini akaniuliza kwa upole kama nina shida ya hela, maana mbwa ananyimwa chakula. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulimpa dawa ya minyoo mara tatu. Tukapima homa ya kupe. Sikulaumu mtu: huku kwetu mbwa akikonda, minyoo na kupe ndio wa kwanza kushukiwa, na mara nyingi ndio wenyewe. Ila kuna tofauti moja ningependa ningeijua mapema. Mbwa mwenye homa ya kupe kwa kawaida anapoteza hamu ya kula. Huyu wetu anakula kama hajawahi kuona chakula, na anachokitoa ni kingi kuliko unavyoona amekula: rojo la njano au kijivu, linang'aa mafuta, linanuka mpaka chumba cha pili, mara nne au tano kwa siku. Ukilala karibu naye usiku unasikia tumbo linanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Kipimo chenyewe ni cha damu, kinaitwa TLI, kinaangalia kiasi cha kimeng'enya cha kongosho kilichomo kwenye damu. Mbwa afunge kula kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kutolewa damu. Sampuli yetu ilibidi isafirishwe nje ya nchi, na majibu yakachukua zaidi ya wiki mbili. Kiwango cha chini cha kawaida kwa mbwa ni kama mikrogramu 5.7 kwa lita. Chini ya 2.5, pamoja na dalili hizo, ndiyo jibu. Tiga alikuwa chini ya 1. Ukipata namba ya katikati usilie wala usishangilie, rudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Na mtu akikuambia anaweza kuujua ugonjwa huu kwa kuangalia kinyesi tu, mshukuru, halafu omba TLI.

Kwa jemani shepadi kinachotokea mara nyingi ni kwamba kinga ya mwili inashambulia zile sehemu za kongosho zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja mafuta, wanga na protini. Dalili hazionekani mpaka karibu asilimia 90 ya uwezo huo iwe imekwisha. Kwa hiyo acha kujiuliza ni kitoweo gani ulimpa kikamharibu. Hukumharibu wewe. Lakini usimzalishe, maana kwenye koo kama hii tatizo hutembea katika damu.

Sasa tuje kwenye sufuria.

Chakula cha mbwa wa mlinzi Bongo tunakijua: ugali wa pumba au dona, dagaa, maji ya moto juu, basi. Mbwa mzima anaishi nacho. Kwa huyu, pumba ni adui, kwa sababu makapi hayo yanazuia vimeng'enya vichache ulivyompa visifanye kazi. Tulihamia kwenye wali mweupe uliopikwa hadi kupondeka, kuku wa kuchemsha bila ngozi, na dagaa kidogo waliosagwa. Sembe inakubalika ikiiva vizuri. Maharage tuliyaacha kabisa, na hilo ukilibishia utalinusa mwenyewe. Kuhusu mafuta, mwanzoni niliyaondoa yote, nikadhani nafanya jambo la maana. Mbwa akabaki na kilo 23 kwa miezi miwili. Daktari ndiye aliyenirudisha: mafuta ya wastani anayahitaji ili anenepe, ondoa tu yale manundu meupe ya nyama. Siku hizi Tiga anakula mara mbili, na kipindi kile anajazia mwili alikuwa anakula mara tatu.

Vimeng'enya vinakuja kama unga, umetengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Kipimo cha kuanzia ni kijiko cha chai kimoja kwa kila kilo 10 za mbwa, kwa kila mlo. Tiga wa kilo 22 alianzia vijiko viwili kwa mlo, yaani sita kwa siku kwa milo mitatu, 180 kwa mwezi. Kijiko kimoja kina gramu 2.8 hivi, kwa hiyo piga hesabu ya gramu 500 hivi kwa mwezi kabla hujaahidi kitu nyumbani. Akishatulia unaweza kupunguza polepole, robo kijiko kwa wakati, huku ukiangalia choo. Vile vidonge vya binadamu vyenye ganda gumu lisiloyeyuka tumboni, kwetu vilikuwa hasara. Vilitoka kama vilivyoingia.

Unga huu ni kitu hai kwa namna yake. Chakula cha moto kinaua vimeng'enya, na kukipasha baada ya kuchanganya ni kutupa hela. Chakula kiwe vuguvugu, kile ambacho ukitia kidole hakikuchomi, ongeza maji kidogo, nyunyiza, koroga mpaka kila punje iguswe. Wengi watakuambia usubiri dakika 20 kabla ya kumpa. Si lazima ili vifanye kazi, lakini mimi nasubiri, kwa sababu Tiga alipata vidonda kwenye ulimi na midomo wakati nilipokuwa namwekea unga mkavu juu juu. Ukiona damu kwenye bakuli, loweka zaidi, na zungumza na daktari juu ya kupunguza kipimo.

Kama una wasiwasi kwamba unga umeharibika kwa joto la njiani, fanya hivi. Pika uji mzito wa sembe, uache upoe hadi vuguvugu, gawa mabakuli mawili, kimoja utie nusu kijiko cha unga. Baada ya robo saa, kile chenye unga kinakuwa maji maji, kijiko hakisimami. Kingine kimeganda vile vile. Mara ya kwanza nilimwita kila mtu jikoni aje aone, kama mwalimu wa sayansi. Ila jaribio hili linakuonyesha kimeng'enya cha wanga peke yake. Cha mafuta ndicho dhaifu zaidi na huwezi kukiona kwa uji, kwa hiyo choo bado ndicho hakimu.

Mambo mawili madogo ya Dar. Zima feni kabla ya kufungua kopo, maana unga ukipeperuka unawasha pua na macho, na mwenye pumu asiukaribie kabisa. Na usiingize kijiko chenye unyevu. Kwa hewa yetu hii kopo linageuka jiwe ndani ya wiki moja.

La tatu si dogo. Mzee wetu wa geti ni Mwislamu, na ndiye anayelisha mbwa nikiwa safarini. Siku ya pili aliushika mfuko, akaniangalia: "Mama, huu unga ni wa kitimoto?" Nilikuwa sijamwambia, na niliona aibu. Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye nguruwe kwake ni haramu, mwambie mwanzo kabisa, kabla hajashika. Sisi tulikubaliana hivi: unga ni kazi yangu, na zamu zake anatumia kongosho la ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoijua njia ya machinjioni. Kongosho bichi la ng'ombe linafanya kazi sawa na unga, na kwa wengi wetu ndilo linalowezekana kifedha. Kadiria gramu 85 hadi 115 kwa mbwa wa kilo 20 kwa kila mlo. Shida ni kulipata. Nilikwenda machinjio ya Vingunguti alfajiri, nikasema nataka kongosho, vijana wakatazamana. Mmoja akanifungia kitu kwenye mfuko mweusi kwa kujiamini sana. Nimefika nyumbani, nimekata, ni bandama! Nilimlisha Tiga bandama siku nne nikishangaa kwa nini anaharisha upya. Bandama ni jekundu kama damu iliyoganda, refu, laini juu, kama ulimi mkubwa. Kongosho ni la rangi ya waridi iliyopauka, lina mafundo mafundo kama shanga zilizobanwa, na linakaa limeng'ang'ania mwanzo wa utumbo mwembamba, karibu na tumbo. Hii ya waridi wengi wanaitupa pamoja na mafuta ya utumbo. Mwombe anayetoa utumbo akuonyeshe kabla hajatenganisha, umwekee miadi, naye ukimpa chochote kidogo atakukumbuka kila wiki.

Chukua la mnyama aliyepimwa na kugongwa muhuri tu. Nyama mbichi isiyokaguliwa inaweza kumletea mbwa tegu wenye mayai yanayodhuru hata watoto wenu. Mimi naligandisha kwanza zaidi ya wiki moja, na dawa ya tegu Tiga anapata kwa ratiba ya daktari. La nguruwe bichi silitumii. Lichane likiwa bado limeganda nusu, kwani likiyeyuka linateleza kama sabuni, kisha lisage na ufunge vifuko vya mlo mmoja mmoja. Vaa glavu. Usilipike, hata "kidogo tu kuondoa harufu", maana hapo umebaki na kitoweo. Kwenye friji la kugandisha linakaa miezi, lakini umeme ukikatika siku nzima likalegea, lipange litumike mwanzo, usiligandishe upya.

Sasa vitamini B12, na hapa soma taratibu. Kwa mbwa, kile kitu kinachosaidia utumbo kufyonza B12 hutengenezwa zaidi na kongosho. Kongosho likilala, B12 inashuka, na ikishuka mbwa hanenepi hata ukimwaga vimeng'enya kwa koleo. Wetu alipewa sindano chini ya ngozi mara moja kwa wiki kwa wiki sita, nyingine baada ya mwezi, kisha tukapima. Kipimo kinafuata uzito, kati ya mikrogramu 250 na 1,500. Ni ile dawa nyekundu ya duka la dawa la binadamu. Usikubali ubadilishiwe kwa sindano ya vitamini B mchanganyiko kwa kuwa "ni ile ile". Si ile ile: B12 iliyomo ni kidogo mno na sindano yenyewe inauma. Tulipoteza mwezi mzima hapo. Baada ya sindano ya tatu ya ile nyekundu, Tiga alibweka lori la taka. Alikuwa hajabweka tangu Krismasi.

Kama vimeng'enya na B12 vipo na bado anaharisha, huenda bakteria wamezidi utumboni kwa kula kile chakula kilichokuwa hakisagwi. Daktari anaweza kuandika metronidazo au tailosini, dawa za kuua bakteria. Najua zote mbili zinapatikana, moja kila duka la dawa, nyingine duka la dawa za kuku. Ndiyo maana nasema: aandike daktari, na aandike siku za kuacha.

Na mbwa huyu akivimba tumbo ghafla, akalia au akaanguka, usisubiri kesho. Jemani shepadi wenye ugonjwa huu wamewahi kupata utumbo kujisokota, na hapo ni saa chache tu.

Kinachoangusha wengi lakini si dawa. Ni watu wa nyumbani. Kongosho la Tiga sasa liko mikononi mwetu, kwa hiyo kila kinachoingia mdomoni bila unga kinapita kama kilivyo. Kipande cha chapati cha mtoto, mfupa wa mgeni, ukoko wa jirani mwenye huruma, kinyesi chake mwenyewe uani: kila kimoja kati ya hivyo kimewahi kutugharimu siku mbili. Tulibandika karatasi getini: MBWA MGONJWA, USIMPE KITU. Watoto niliwapa kazi badala ya kuwakataza. Wao ndio wanaosimamia zile dakika 20 kwa saa ya ukutani, na ni wakali kuliko mimi.

Nunua daftari. Kila siku andika alichokula, vijiko vingapi, choo mara ngapi, rangi, kama kinaokoteka au hakiokoteki. Uzito kila Jumapili: simama kwenye mizani umembeba, kisha simama peke yako, toa. Badilisha jambo moja kwa wakati na uliache siku tano kabla ya kuhukumu. Wiki ya kwanza ya vimeng'enya choo kilipungua kutoka mara tano hadi mbili. Kilo ya kwanza ilichukua karibu wiki tatu. Kuna siku zitaharibika bila sababu. Kwenye daftari langu mwaka jana kuna ukurasa umeandikwa tu "mavi, mavi, mavi".

Wa leo asubuhi unasema: wali, kuku, kijiko kimoja na nusu. Mara moja, kahawia, kinaokoteka. Kilo 30.5.