Kabla Hujaipokea Baiskeli ya Mbio, Uliza Ni ya Nani

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, vijana wengi wamekuwa wakiniandikia. Wa karibuni ni kijana wa Mtama. Ameahidiwa baiskeli ya mbio na mfanyabiashara, anataka kuiacha mikorosho aliyoachiwa na babu yake ahamie Dar es Salaam, na anauliza afanye mazoezi ya namna gani. La mazoezi nitamjibu, lakini swali lililopaswa kutangulia hakuliuliza: hiyo baiskeli itakuwa ya nani?

Mimi nilianza na baiskeli ya Phoenix ya baba, nikibeba samaki kutoka Mikindani hadi sokoni Mtwara mjini. Aliyezoea kupanda kilima na tenga la samaki nyuma hahitaji kufundishwa uvumilivu, na nilipopewa baiskeli nyepesi yenye gia nyingi, wenzangu waliotoka mjini walianza kuniona mgongo tu. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na aliyeniacha kwenye mlima wa kupandia Newala, na wapo mashahidi. Aliyenipa baiskeli alipiga picha nami kila niliposhinda na kuniita mwanangu mbele za watu.

Kisha nikaanguka karibu na Mingoyo, kwenye mchanga uliomwagika kutoka kwenye lori, nikavunjika mtulinga. Mkono ukiwa bado umefungwa shingoni, alikuja mtu nyumbani kuichukua ile baiskeli. Hakuingia ndani kunipa pole. Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akachungulia kama fremu imepinda, kisha akauliza pampu iko wapi. Pampu ilikuwa yangu, nilikuwa nimeinunua kwa fedha zangu, naye akaondoka nayo.

Miaka iliyofuata haina cha kusimulia. Leo nina karakana yangu, na ninaishi kwa spana.

Mnapoandika mnamtaja sana Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kutwaa fulana ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi zaidi. Mnasahau kwamba alilelewa katika nchi inayopenda mbio hizi tangu zamani, tena akapita kwenye kituo cha mafunzo cha shirikisho la kimataifa kule Aigle, Uswisi. Nyuma yake kulikuwa na watu na utaratibu. Nyuma yako wewe kuna mtu mmoja mwenye duka, ambaye biashara ikiyumba atakumbuka kwanza mali yake iliyo mikononi mwako.

Sasa mazoezi. Usijipime kwa safari ya Mtwara kwenda Lindi wakati wa kusi, kwa sababu upepo huo unatoka kusini-mashariki na utakusukuma njia nzima, ufike ukijiona bingwa. Jipime kwenye kurudi. Halafu tafuta wenzako mwende kwa mstari, kwani anayekaa karibu na gurudumu la mwenzake huokoa hata theluthi ya nguvu zake, na kijana anayefanya mazoezi peke yake, hata awe na mapafu ya namna gani, ataogopa kukaa hapo siku ya mbio.

Jifunze pia ufundi, na hapa sibembelezi. Hewa ya chumvi ya pwani yetu inakula cheni upesi kuliko mlima. Chukua rula: pini 25 za cheni mpya, kuanzia katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu ya 16 ya inchi, badilisha siku hiyo hiyo. Ukingoja ifike sehemu ya nane, meno ya gia nayo yameshaliwa na utanunua vyote. Wakimbiaji wangapi wa mikoa yetu wanalijua hili? Wanajua kushindana tu, kisha wanashangaa mguu ukichoka hawana kazi.

Kwa hiyo mikorosho usiiache. Palilia, vuna, uza, na sehemu ya fedha za msimu nunua baiskeli iliyotumika iliyo ya kwako, hata kama ni nzito. Huyo mfadhili akitaka kukusaidia, akulipie nauli, chakula na matibabu. Muandikiane mbele ya mwenyekiti wa kijiji: nani mwenye baiskeli, nani anatibu ukianguka, na fedha za ushindi zinagawanywaje. Katika timu kubwa za Ulaya ni desturi mshindi kugawana zawadi na wenzake waliomvuta, na kila mmoja anajua fungu lake mapema. Zawadi zangu zilipokelewa kwa niaba yangu, tukaafikiana kwa mdomo, na mpaka leo ninadai.